Siku Niliyoua Ng'ombe wa Barisa kwa Mdomo

Haya, nyinyi mliojificha viti vya nyuma, sogeeni mbele! Mimi siumi, na meno yenyewe yamebaki machache nayatunzia nyama ya sikukuu. Simu mfukoni. Wewe dada wa miwani, kama unataka kuandika andika, lakini usinishike kwa kila neno, maana mimi nikisema samaki alikuwa mrefu kama mlango, jua alikuwa mrefu kama dirisha.

Nimeitwa hapa Garsen niongee na nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuwasaidia walimu wa gredi za chini, muwaeleze watoto masomo kwa lugha za nyumbani. Aliyenialika aliniuliza kwa simu, "Mama Komora, wewe umesoma mpaka wapi?" Nikamwambia, "Mpaka mlangoni." Na ni kweli. Darasani niliingia nikiwa mtu mzima na watoto wanne, na mkononi nilikuwa na upawa.

Kazi yangu ilikuwa kupika uji. Shule ndogo kando ya mto, sufuria kubwa hivi kwamba kiboko angeingia akaoga na bado akatafuta ukuta. Jiko langu lilikuwa limeegemea darasa la kwanza, dirisha halina kioo, kwa hiyo kila kitu mwalimu alichofundisha kiliingia kwenye uji. Ndio maana watoto wetu walikuwa na akili.

Sasa akaja mwalimu mpya kutoka Bungoma, Mwalimu Nekesa. Msichana mdogo, mpole, amezoea mvua kila siku, joto letu lilimpiga akawa anayeyuka kama mshumaa. Watoto wake nusu ni Wapokomo kama mimi, wa mashamba ya mtoni. Nusu ni Waorma, wa ng'ombe. Kiswahili wanakijua cha dukani tu: lete, weka, bei gani, toka hapa. Mwalimu akisimama akasema "pembetatu", wanamwangalia kama wanaangalia ndege inayopita juu mbinguni.

Siku moja akatoa kichwa dirishani. "Mama, hii pembetatu kwenu mnaiitaje?"

"Kwanza niambie ni kitu gani. Kina miguu? Kinaliwa?"

Akanichorea mchangani kwa kijiti. Nikacheka nusura niangukie moto. "Mwalimu, si mafiga haya! Mawe matatu ya kuwekea sufuria!" Nikawaita watoto jikoni, nikawaonyesha kwa Kipokomo, halafu kwa Kiorma nilichokiokota sokoni nikibadilishana ndizi na maziwa. Wakashangilia mpaka ndege wakaruka mtoni. Kuna mmoja wao sasa ni fundi wa kuezeka nyumba Hola, na akipanga mbao za paa bado anawaambia vibarua, "Leteni mafiga."

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kuitwa. "Mama Komora, njoo!" Naacha uji, naingia na upawa wangu, natafuta neno, narudi mbio. Uji uliungua mara nyingi. Siku moja moshi ulionekana mpaka Wenje, watu wakapiga simu kuuliza kama tumeshambuliwa.

Maneno mengine yalinitoa jasho. Chukua mlima. Nyinyi niambieni, hapa kwetu mlima uko wapi? Ardhi imelala kama mkeka. Nikawaambia ni kichuguu kilichokataa kuacha kukua. Theluji je? Mwalimu mwenyewe alikuwa hajaiona. Nikawaambia watoto wa Kiorma, mnajua samli asubuhi ya baridi inavyoganda kwenye kibuyu? Sasa fikiria mvua imeganda hivyo hivyo, nyeupe, juu ya kile kichuguu. Mtoto mmoja akauliza, "Wanaweka kwenye chai?" Nikamwambia wale wenye sukari nyingi, ndiyo.

Mnacheka. Chekeni sasa, kwa sababu neno ninalokuja nalo mimi bado halinichekeshi. Neno lenyewe ni kutoa. Kutoa ya hesabu. Kumi toa tatu.

Mwalimu Nekesa alihangaika nalo wiki nzima. Kujumlisha walielewa, kila mtu anapenda kuongezewa. Kutoa wakakataa. Ukiwaambia "toa tatu", wananyoosha mkono kama wanakupa kitu. Akaniita. Na siku hiyo nilikuwa na haraka, uji ulikuwa unapanda, nauona kwa dirisha unakuja mdomoni mwa sufuria. Nikatazama watoto, macho yakaangukia Halima. Mtoto wa Kiorma, mdogo, mwerevu, kimya, ndiye aliyekuwa anaelewa kabla ya wote. Nikamwambia mbele ya darasa, kwa Kiorma, kwa sauti yangu hii ya kuitia watu ng'ambo ya mto:

"Halima, baba yako ana ng'ombe kumi. Watatu wamekufa. Wamebaki wangapi?"

Wale wa Kiorma wote waliniangalia kama nimemwagia mtu maji ya moto. Halima akafunika mdomo wake kwa mkono, kama ni yeye aliyesema.

Hapo nikakumbuka. Na jambo nililijua! Nimeuza ndizi kwa Waorma tangu sijaolewa, nilijua kabisa ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa mdomo. Hata mwenyewe hasemi wako wangapi. Ukimuuliza atakwambia wapo. Na mimi si kuhesabu tu. Nimehesabu, halafu nimeua watatu, mbele ya mashahidi thelathini.

Nikarudi jikoni. Uji umemwagika wote, moto umezimika. Siku hiyo watoto wa Kiorma hawakuja na vikombe.

Kesho yake nafasi ya Halima ilikuwa tupu. Keshokutwa pia. Siku ya tatu akapita jirani mmoja kwa bodaboda, hakuzima hata pikipiki. "Mama Komora, umesikia? Ng'ombe mmoja wa Barisa amekwama kwenye matope mtoni. Amekufa."

Barisa ndiye baba yake Halima.

"Amekufa lini?"

"Jana. Wanasema imeanza. Wamebaki wawili."

Wanangu, nilikonda siku ile. Mnaona mwili huu? Ulibaki kama mti wa kuanikia nguo. Niliweka chumvi kwenye uji badala ya sukari, na watoto waliniogopa hivi kwamba walikunywa. Nikisikia pikipiki, naingia nyuma ya magunia ya unga. Nikiona ng'ombe barabarani namwangalia miguu kama anachechemea, nasema Mungu wangu, huyu wa nani tena.

Na nyinyi ni watu wa hapa, sina haja ya kuwaeleza sana. Wa mashamba na wa ng'ombe, tumetoka mbali, na tumewahi kufika pabaya kwa maneno madogo kuliko hilo. Lakini sitaki kuwadanganya, kilichokuwa kinanila si hayo makubwa. Ni ile nafasi kwenye benchi. Jirani yule alikuwa ameongeza kwamba Barisa anafunga mizigo, anashusha mifugo kwenye delta kutafuta majani, na mtoto anakwenda naye. Na mtoto wa kike akishashuka na ng'ombe, harudi tena na kitabu. Anarudi ameolewa. Halima alikuwa anajua kusoma jina lake. Nani alimtoa? Mimi, na sikutumia hata chaki.

Mwalimu Nekesa akasema, "Nitamwandikia baba yake barua."

"Nani ataisoma? Msomaji wa boma lile ni Halima."

"Basi tufanye nini, Mama?"

"Twende."

Tukaenda alasiri, sukari kilo mbili na majani ya chai kwenye leso. Tukavuka barabara ya lami, tukaingia kichakani kwenye mathenge, ile miti ya miiba iliyojaa kila mahali, ikamchana mwalimu sketi. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha. Nilipanga mengi, mazuri. Nilipomwona Barisa amekaa mbele ya nyumba na fimbo magotini, yote yakakimbia yakaniacha peke yangu.

Mrefu, mwembamba, ndevu nyekundu za hina. Tukasalimia. Akaitikia akiangalia pembeni. Mke wake akatuletea buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli, na hapo nikapata pumzi kidogo, maana mtu hakupi buni halafu akupige. Halima alikuwa nyuma ya mama yake. Aliniona, akaangalia chini.

Barisa akasema, "Wewe mama, mimi nilikosea wewe nini?"

"Hukunikosea, baba."

"Ndizi yako nilikanyaga?"

"Hapana."

"Shamba yako ng'ombe yangu iliingia?"

Kusema kweli waliwahi kuingia, lakini siku hiyo nilisema, "Hata siku moja."

"Sasa kwa nini ulihesabu yangu ukaua?"

Mwalimu Nekesa akataka kueleza. "Baba Halima, ilikuwa ni mfano tu..."

"Mfano nini? Mwambie ahesabu watoto yake, aue tatu. Mfano."

Nilijaribu kufikiria mtu amesimama mbele ya watu anasema Mama Komora ana watoto wanne, mmoja amekufa, wamebaki wangapi. Nikamwambia, "Baba, nimekosa. Sina neno lingine. Nimekosa."

Na wakati huo huo vumbi likaanza kuonekana, ng'ombe wanarudi. Akasimama, akaenda kwenye mlango wa boma, ule uwazi wa miiba. Nasi tukamfuata kwa mbali kama washtakiwa. Ng'ombe wakaingia mmoja mmoja, wanasukumana, pembe hizi, vumbi, kelele. Walikuwa... siwaambii walikuwa wangapi, nimeshajifunza. Walikuwepo. Barisa hakunyoosha kidole, hakusogeza mdomo. Aliangalia tu. Wa mwisho alipoingia akasema:

"Nyekundu ya pembe imepinda haijarudi."

Wa pili! Nikamshika mwalimu mkono mpaka akalia. Halima na mama yake wakachukua fimbo wakatoka mbio kuelekea kwenye mathenge. Sisi tukabaki pale. Jua linashuka. Ilikuwa labda nusu saa, lakini mimi nilizeeka miaka kumi, ndio maana mnaniona hivi na bado ni msichana.

Nilikuwa na woga, na mimi nikiwa na woga mdomo haukai. Nikamuuliza, "Baba, lakini umejuaje kama hajarudi? Hukuhesabu."

Akaniangalia kama ameulizwa na kuku. "Wewe watoto yako ukiita kula, unahesabu?"

"Sihesabu."

"Unajua vipi mmoja hayuko?"

"Naangalia. Naona nani hajarudi."

"Sasa unauliza nini mimi?"

Wanangu, pale pale, na woga wangu wote, nikamgeukia mwalimu. "Mwalimu! Umesikia? Ndiyo hiyo! Kutoa ndiyo hiyo! Hakuna kufa, hakuna kunyang'anya. Ni nani hajarudi na nani yuko nyumbani!" Mwalimu akafungua macho. Wiki nzima tulitafuta hilo neno darasani, kumbe kila jioni lilikuwa limesimama kwenye mlango wa boma na fimbo mkononi.

Barisa akauliza tunapayuka nini. Nikamweleza. Nikamwambia mtoto wako ana akili, anafundishwa jambo ambalo wewe unalijua kuliko sisi wote, ila mimi nilimpa kwa mkono mbaya. Akasikiliza.

Halafu tukasikia Halima anaita kutoka kichakani. Mara ya kwanza sikuelewa, nikajua ndio basi, amekuta mzoga. Wakatokea. Mama mbele, ng'ombe mwekundu nyuma anajivuta, na Halima wa mwisho kabisa, amekumbatia ndama bado ana maji, miguu inaning'inia kila upande, kama mtu amebeba meza.

Alikuwa amekwenda kuzaa.

Barisa alikaa chini. Akajifuta uso na kikoi chake. Halafu akasema, "Wewe mama, mdomo yako iko na bahati. Lakini bado naogopa mdomo hiyo."

Akatupa sharti. Halima atarudi siku moja, Jumatatu. Yeye mwenyewe atasimama dirishani asikilize hilo somo. Akisikia mtu ameua ng'ombe mwingine, mtoto anatoka kwa mlango ule ule na wanashuka delta siku hiyo hiyo. Akisikia hakuna aliyekufa, Halima atabaki kwa bibi yake na atasoma.

Mwalimu Nekesa akauliza kwa sauti ndogo, "Tunaweza kutumia ng'ombe wa kuchora? Wa chaki?"

Barisa akafikiri sana. "Hiyo ya chaki ni ya nani?"

"Si ya mtu."

"Kama si ya mtu, hesabu."

Hili liwekeni kichwani, wewe wa miwani hili ndilo uandike. Kabla hujampa mtoto mfano, jiulize mfano huo una mwenyewe? Nyinyi sasa mna simu, mnaiuliza neno na inawajibu kabla hamjamaliza kuuliza. Sawa. Lakini simu haijawahi kusimama mlangoni kwa mtu ng'ombe wakirudi. Neno unaweza kulipata sahihi kabisa na bado ukamtoa mtoto darasani. Mimi neno langu lilikuwa sahihi. Kumi toa tatu ni saba, hata Bungoma ni saba.

Jumatatu ikafika. Nilipika uji wangu alfajiri nikaumaliza mapema, nisije nikapata kisingizio cha haraka. Halima alikuja, akakaa kwenye nafasi yake, mikono chini ya meza. Na dirishani, pale nilipozoea kusimama mimi, alikuwa Barisa na fimbo yake, kichwa chote ndani. Giza likaingia darasani nusu kwa sababu ya kichwa kile.

Mwalimu akachora ng'ombe kumi. Mungu amsamehe. Wawili walifanana na mbuzi, mmoja alikuwa kiboko kabisa. Barisa akawaangalia kwa huruma, akasema, "Hizi ni wagonjwa?"

"Ni mkono wangu, baba," mwalimu akasema.

Nikawaambia watoto kwa lugha zote mbili, hawa ni ng'ombe wa ubaoni, hawana mwenyewe wala boma, tunaweza kuwahesabu bila wasiwasi. Wakahesabu. Kumi. Mpaka hapo salama.

Halafu nikaona mwalimu anachukua dasta. Anataka kufuta mmoja! Dasta ikapanda juu ya ng'ombe wa madoa, na mimi nikaona kwa jicho moja dasta, na kwa jicho la pili fimbo ya Barisa inasogea. Kufuta si ndiyo kuua? Nikapiga kelele, "Usimfute!" Nikaruka benchi, na mwili huu, nikavua leso yangu ya mabegani nikamfunika yule ng'ombe kwa mikono miwili, nikasimama pale nimebandikwa ubaoni kama tangazo.

"Huyu hajafutwa," nikasema. "Yuko. Ila hajarudi. Jioni imefika. Halima, simama mlangoni mwa boma. Nani hajarudi?"

Halima akasimama. Barisa hapepesi macho. Mwalimu ameshika chaki kama ameshika kamba ya kisima.

Halima akaangalia ubao, pole pole, mmoja mmoja, bila kunyoosha kidole. Kama baba yake.

"Yule wa madoa."

"Na nyumbani wako wangapi?"

Akamwangalia baba yake dirishani. Barisa akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Tisa," akasema Halima.

Darasa zima likapumua. Mwalimu Nekesa macho yamejaa maji, akageukia ubao aandike tisa. Chaki haijagusa, tukasikia fimbo inagonga dirisha, na sauti ya Barisa:

"Mwalimu! Usiandike kwanza! Huenda ameenda kuzaa!"